Gauni la Matumizi Binafsi

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita kwa sababu jirani aliliazima akafungia sabuni, usijali, nakufupishia.

Mimi ni fundi cherehani. Watu wananiita Mkasi. Niliunguza kwa pasi kitambaa cha gauni la bibi harusi. Tundu la ukubwa wa sahani, mbele kabisa, mahali ambapo huwezi kuficha hata ukibandika maua ya bustani nzima.

Na hakikuwa kitambaa cha kukimbilia dukani ukanunua kingine. Mama mkwe mtarajiwa ndiye aliyempa bibi harusi kitambaa hicho kama zawadi. Alikileta mwenyewe, akakipapasa mara ya mwisho juu ya meza yangu, akaniambia, "Fundi, hiki ni roho yangu." Roho yake nikaitia pasi.

Dada yangu, ambaye dukani kwangu anashona vifungo kwa mkono na watu kwa mdomo, akachukua simu yangu, akaperuzi, akakuta gauni linalouzwa mtandaoni huko ng'ambo. Lilifanana na mchoro wangu utadhani aliyelishona alichungulia dirishani. Bei ilikuwa ya kuchekesha. Tukaagiza. Mpango ukawa: lije, ning'oe lebo, niseme nimelishona mimi.

Huku nyuma bibi harusi alikuwa akija kupimwa. Nikawa nampimisha shuka. Nikamwambia ndiyo fasheni ya sasa, kwanza shuka, gauni baadaye. Akakubali. Mwalimu wa chekechea yule, amezoea kuambiwa mambo ya ajabu na watu walioshika mkasi.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa sikilizeni yaliyonikuta Ijumaa, siku moja kabla ya harusi.

Ujumbe uliingia nikiwa bado na povu la dawa ya meno mdomoni. *Mzigo wako umezuiliwa forodhani. Fika na ankara na kitambulisho kwa ajili ya tathmini ya ushuru na kodi.*

Nikalimeza povu.

"Dada! Umesema tumeshalipa kila kitu!"

"Tumelipa. Waliandika usafirishaji bure mpaka mlangoni."

"Mlangoni kwa nani?"

Dada akafikiri. "Hawakusema."

Tukatoka mbio. Mimi nilikuwa nimevaa shati nje ndani, na fundi akivaa shati nje ndani barabarani, watu wanadhani ni mtindo mpya. Kijana mmoja akaniuliza kama ninazo zaidi.

Ofisi ya forodha ya mizigo midogo ilikuwa ukumbi mrefu wenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma ili visiibwe. Feni ilikuwa inazunguka bila kumpuliza mtu. Mbele, madirisha ya vioo, kila moja na tundu la kuongelea. Mzee mmoja alikuwa anabishana kuhusu gitaa. "Mimi sijui hata kulipiga," alikuwa anasema, "sasa ushuru wa nini?"

Namba yangu ikaitwa. Nikaenda dirishani nikiwa na hasira zangu zote nilizozipanga njiani.

Nikazisahau.

Nyuma ya kioo alikuwa ameketi mwanamke wa makamo yangu, shati la kazi limepigwa pasi vizuri kuliko nilivyowahi kupiga mimi, kalamu sikioni, na macho ya mtu anayekuhesabu kabla hujasema. Kwenye kibao mbele yake paliandikwa *Tathmini*. Jina lake sikulijua, basi moyoni nikamwita Bi Tathmini, na mpaka leo ndilo jina lake kwangu.

"Karibu, kaka. Ankara?"

Nikampa kitambulisho.

"Nimesema ankara."

Nikampa simu, ikiwa imezimwa. Dada akaninyang'anya, akaiwasha, akamwonyesha ankara.

"Msamehe," dada akasema. "Hajala."

Bi Tathmini akasoma. Akapiga mahesabu. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Kaka, ushuru wa forodha tunatoza juu ya bei ya mzigo, pamoja na nauli na bima. Ukishapata hapo, kodi ya ongezeko la thamani inatozwa juu ya jumla yote, ushuru ukiwemo."

"Yaani natozwa kodi mpaka juu ya ushuru?"

"Ndiyo."

"Kodi imempanda ushuru mgongoni?"

Akacheka. Alicheka kidogo tu, akaziba mdomo kwa mkono, kwa sababu alikuwa kazini. Lakini ndugu zangu wasomaji, mimi nilikwisha. Nilitamani wanitoze na nyingine.

Akavaa glavu, akachukua kisu kidogo, akakata utepe wa boksi. Akalitoa gauni. Likamwagika mezani, jeupe, na ukumbi mzima ukasema "Aaaah." Hata mzee wa gitaa akageuka.

"Swali moja la fomu," Bi Tathmini akasema. "Mzigo huu ni wa biashara au wa matumizi binafsi?"

"Tofauti yake nini?"

"Wa biashara unahitaji usajili wa mwagizaji, na wakala wa forodha akushughulikie. Jumatatu, Jumanne hivi utakuwa tayari. Wa matumizi binafsi unalipia hapa hapa, unaondoka nao leo."

Harusi ilikuwa kesho.

"Matumizi binafsi," nikasema.

Akalitazama gauni. Akanitazama mimi. Akalitazama tena gauni, hasa pale kifuani.

"Lako?"

"La... la mchumba wangu."

Nyuma yangu dada akakohoa kikohozi cha mtu aliyemeza kifungo.

"Oh," akasema Bi Tathmini. "Hongera."

Nimeshatukanwa na wateja. Nimeshafukuzwa na mwenye nyumba. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama hiyo hongera. Nilitaka kupaza sauti, "Sina mchumba! Sina hata mtu wa kunikumbusha kula!" Lakini gauni lilikuwa upande wake wa kioo, na mimi nilikuwa upande wangu.

"Asante," nikasema.

Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Akainua ankara tena, akalishika gauni, akakunja uso.

"Kaka, hii bei si ya kweli."

"Ni ya kweli."

"Gauni la harusi, lulu zote hizi, mkia wote huu, kwa bei ya jozi ya viatu? Kuna watu wanawaambia wauzaji waandike bei ndogo ili walipe ushuru mdogo. Nikiona hivyo, nathaminisha upya mimi mwenyewe."

Akaandika makadirio yake kwenye karatasi, akaisukuma chini ya kioo. Nikaiona. Nikaishikilia meza.

"Bi afisa, tafadhali. Hebu geuza upindo."

"Kwa nini?"

"Geuza tu. Unaona? Hawakupiga ovaloki. Nyuzi zinaning'inia. Hizo lulu ni plastiki, na hazikushonwa, zimegundishwa. Ikwaruze moja kwa ukucha."

Akaikwaruza. Lulu ikaruka, ikagonga kioo, ikaanguka.

"Zipu hiyo ni ya mfuko wa shule," nikaendelea, sasa nimepamba moto. "Bitana ni nyepesi, ukisimama mbele ya taa mambo yako yote nje. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia. Hili gauni, bi afisa, mtu akipiga chafya mbele ya wageni, limeachana naye."

Bi Tathmini akaniangalia.

"Unajua sana mambo ya nguo."

"Na... napenda nguo."

"Na mchumba wako anajua kuwa unamvalisha gauni unalolisema hivi?"

Nikamtazama dada. Akanijibia. "Yeye anamwambia gauni ni zuri. Wanaume si ndivyo walivyo?"

Bi Tathmini akauma mdomo ili asicheke tena. Akachana karatasi ya makadirio yake. "Haya. Nakubali ankara yako. Lakini mzigo umekuja kwa jina la mwanamume, na nguo ni ya mwanamke. Ukisema matumizi binafsi, mwenye kulivaa aje na kitambulisho, asaini kwamba ni lake. Tunafunga saa kumi."

Nikatoka nje nikakaa kwenye ukingo wa barabara.

"Mimi nitakuwa mchumba wako," dada akasema.

"Dada, kitambulisho chako kina jina la baba yangu."

"Kwani watu wenye majina yanayofanana hawaoani?"

"Baba ni mmoja, dada! Mpaka sahihi ya aliyetusajili ni moja!"

Ikabidi nimpigie bibi harusi. Ndiyo, bibi harusi mwenyewe. Nilimwomba aje, nikamwambia ni jambo la gauni, na nikakata simu kabla hajauliza.

Alikuja bado ana chaki vidoleni na kibandiko cha nyota begani, bila shaka cha mwanafunzi aliyemzawadia kwa tabia njema. Nikasimama mbele yake. Nikamweleza yote. Pasi, tundu, simu, ng'ambo, forodha, shuka.

Nilipofika kwenye shuka, alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika.

"Nimemliza," nikamwambia dada. "Nimemliza bibi harusi siku moja kabla ya harusi."

Akaondoa mikono. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini pale pale ukingoni, machozi yanamtoka.

"Fundi," akasema akihema, "kile kitambaa kimeungua kweli? Hakifai kabisa?"

"Hakifai hata kufutia meza."

"Asante! Asante sana! Fundi, mimi kile kitambaa sikukitaka tangu siku ya kwanza. Kilikuwa kinawasha. Rangi yake ya maji ya mchele. Nilikuwa naamka naomba kiibwe, kiliwe na panya, mafuriko yaje. Na wewe umekichoma kwa mkono wako!"

Akanikumbatia. Dada akatukumbatia wote. Tukawa watu watatu tunaruka ruka nje ya ofisi ya serikali, na mlinzi akatuuliza kama tumesamehewa kodi.

Kisha ghafla bibi harusi akaacha kuruka.

"Ila mama mkwe asijue. Yule mama akijua kitambaa chake kimeungua, na akijua mimi nimecheka, sina ndoa ya amani. Wewe utasema umekishona, umekifua kwa dawa kikang'aa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Basi twende nikawe mchumba wako. Dakika kumi tu, usizoee."

Sasa wasomaji, yule mwalimu anaigiza michezo na watoto kila wiki, na siku hiyo aliigiza kama yuko mbele ya watoto. Tulipofika dirishani alinishika mkono, akaegemeza kichwa begani kwangu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mzee wa gitaa, "Mpenzi wangu, ndilo gauni langu hilo? Jamani, mpenzi wangu!"

Bi Tathmini hakuinua macho. Alikuwa anapiga chapa fomu kwa nguvu kuliko mwanzo, nikaona kila herufi inapigwa kofi.

Na mimi, mpumbavu, nikafurahi. Nikajiambia: kwa nini amekasirika? Mtu hakasirikii wachumba wa wateja bure.

"Mlikutana wapi?" akauliza bila kutuangalia.

"Shuleni," akasema mwalimu.

"Dukani," nikasema mimi, kwa wakati ule ule.

"Kwenye duka la shule," akasema dada.

"Hilo swali lipo kwenye fomu?" nikamuuliza.

"Halipo," akajibu. Na hapo masikio yake yakawa mekundu kidogo, niliyaona kabisa, na moyo wangu ukapiga mbinja.

Nikalipa. Ushuru, kodi juu ya ushuru, na ada ya sijui nini juu ya mgongo wa vyote viwili. Nikasaini mahali palipoandikwa *nathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli*. Mwalimu naye akasaini, akachora na kimoyo mwishoni. Boksi likafungwa upya. Ilibaki muhuri tu.

"Kitambulisho cha mwenye gauni," Bi Tathmini akasema.

Mwalimu akakipitisha chini ya kioo.

Lakini nilihisi vidole vyake vimebana mkono wangu, na safari hii hakuwa anaigiza. Akaninong'oneza sikioni.

"Fundi. Hiyo sauti."

"Ina nini?"

"Naijua. Nimeisikia kwenye simu. Fundi, huyu dada ni wa kituo hiki siku zote?"

Bi Tathmini alikuwa amekishika kitambulisho kwa mikono miwili. Alisoma jina. Akalisoma tena, midomo ikitembea. Kisha akaitoa kalamu sikioni, akailaza mezani taratibu, kama mtu anayeweka silaha chini, au anayejiandaa kuichukua nyingine.

"Unafundisha chekechea," akasema. Halikuwa swali.

"Ndiyo," mwalimu akajibu kwa sauti ya mtoto aliyekojoa darasani.

"Unaolewa kesho."

"Ndiyo."

"Na huyu."

Mwalimu akaniangalia. Mimi nikamwangalia dada. Dada akaitazama feni.

"Wifi?" mwalimu akasema, kidogo sana.

Wifi. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Nimehamishiwa hapa Jumatatu," Bi Tathmini akasema, "kutoka mpakani. Nimeomba uhamisho huo makusudi, niwahi harusi ya kaka yangu wa pekee. Nikasema leo jioni nitakwenda kumwona huyo wifi ambaye nimemsikia kwenye simu tu. Kumbe wifi amenifuata kazini. Na mpenzi wake."

"Wifi, ngoja nikueleze..."

"Na gauni la ng'ambo. Mama yangu ametoa kitambaa. Mama yangu, tangu atoe kile kitambaa, hana habari nyingine. Nikimpigia kumjulia hali, ananijibu hali ya kitambaa. Kiko wapi?"

Tukatazama sakafu sote watatu, utadhani kitambaa kiko huko.

"Bi afisa," nikasema, "mimi ndiye fundi."

"Fundi yupi?"

"Fundi wa kitambaa."

Akasimama. Nyuma ya kioo alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, na nitawaambia ukweli, hata nikiwa kwenye hatari ile nilipima kwa macho: mabega mazuri, kiuno chepesi, ningemshonea kitu cha maana. Kichwa changu hakinisikii.

Akaichukua fomu niliyosaini, akaibandika kwenye kioo kwa ndani, sahihi yangu ikanitazama.

"Nisikilize vizuri, kaka. Nitakuuliza mara moja. Wewe unamwoa huyu au humwoi? Ukisema humwoi, umeidanganya forodha kwa maandishi, gauni halitoki hapa na wewe tutaonana kwa mkuu wangu. Ukisema unamwoa, namwita kaka yangu aje asikie mwenyewe. Yuko kwenye maegesho hapo nje, amenitumia ujumbe sasa hivi. Anasema amemleta mchumba wake kwa shughuli ya gauni, anamsubiri garini."

Mwalimu akafunga macho. Dada akaanza kurudi nyuma polepole, kitako kwanza, kuelekea kwenye viti.

Watu walikuwa wamesimama. Mzee alikuwa amelikumbatia gitaa lake, mdomo wazi.

Nilikuwa na majibu mawili, na yote mawili yalikuwa na hasara. Mtu mwenye akili angechagua lenye hasara ndogo. Lakini Bi Tathmini alikuwa ameinama karibu na lile tundu la kuongelea, hasira imempendeza mpaka nikasahau nimeshtakiwa, na kinywa changu hakikuniuliza ruhusa.

"Huyu simwoi," nikasema. "Mimi nilikuwa sina mchumba mpaka asubuhi ya leo. Sasa ninaye ninayemtaka. Ila yuko upande wa pili wa kioo."

Mtu mmoja ukumbini akasema, "Yesuuu," au labda alisema, "We weee," sikumbuki.

Bi Tathmini hakutikisika. Masikio yake yalikuwa mekundu kweli kweli sasa. Mkono mmoja ukachukua muhuri. Mkono mwingine ukainua simu ya mezani, na macho yake hayakuniachia.

"Mlinzi," akasema, "funga mlango mkubwa. Asitoke mtu. Halafu nenda maegesho uniletee bwana harusi."